Tangazo Husemwa Mara Mbili

Sauti yake ilijulikana na mji mzima. Uso wake haukujulikana hata na muuza maji wa langoni. Ndivyo ilivyo kazi ya kutangaza mabasi. Unakaa juu, kwenye kibanda cha vioo kilichojengwa juu ya ofisi ya vifurushi, una kipaza sauti, kikombe cha chai na ratiba iliyochoka kwa kufutwafutwa, na watu wa chini wanainua macho kuitazama spika, si kukutazama wewe. Ukiwaambia wapande, wanapanda. Ukiwaambia wasubiri, wanakutukana, lakini wanasubiri.

Wachukuzi walimwita Mara Mbili. Jina hilo halikuwa la kumdhihaki, au tuseme halikuwa la kumdhihaki sana. Kazi ile ina sheria yake: tangazo husemwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa waliokuwa wakisikiliza, mara ya pili ni kwa waliokuwa wakigombana na kondakta. Na lazima lisemwe kwa sauti ile ile na mwendo ule ule, asije mtu akadai ameambiwa vingine. Bibie huyu alikuwa ameyafanya hayo miaka mingi, hata yakamwingia mwilini. Dukani alisema, "Naomba sukari. Naomba sukari," na mwenye duka akampimia mara moja tu huku akitabasamu chini kwa chini. Mazoea yana taabu.

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumsikia hata hiyo mara ya kwanza. Alikuwa amemuuguza mama yake katika vyumba viwili vile tangu ujana wake. Wachumba walikuja, wakakaa, wakaitazama meza iliyojaa dawa za mgonjwa, wakakumbuka wana shughuli mahali. Mama alipofariki, kitanda chake kilibaki pale pale, kimetandikwa, na binti akakifanya mahali pa kuwekea nguo zilizofuliwa. Siku moja alikaa kwenye ukingo wake akaanza kuandika hadithi ya mapenzi. Hakuwa amepanga. Alitaka tu kuwe na watu wawili wanaozungumza mle ndani.

Hadithi yenyewe ilimhusu mwanamke mkata tiketi na mwanamume aliyekuja kila Ijumaa. Mwanamume hununua tiketi, huishika mkononi, hukaa kwenye benchi, kisha hulitazama basi lake likiondoka bila yeye. Kwa nini afanye hivyo? Ukitaka kujua, uisome. Hapo ndipo penye shida, maana hakuna aliyeisoma.

Alimpa mdogo wake. Mdogo wake huyo alikuwa na mume, watoto na ulimi usio na breki.

"Dada, wewe mapenzi umeyasomea wapi?" aliuliza, akicheka mpaka akashika mbavu. "Mtu hujawahi hata kugombania shuka na mwenzako!"

"Wewe isome tu. Isome tu."

Mswada ulirudi baada ya muda mrefu. Ukurasa wa pili ulikuwa na duara la kikombe cha chai, na kuanzia ukurasa wa tatu karatasi zilikuwa safi kama zilivyotoka kwa mpiga chapa. Mara Mbili aliuchukua, akaufunga uzi, akauweka juu ya kitanda cha mama. Hakutaka sifa huyu mwanamke, wala picha gazetini. Alitaka mtu mmoja, awe nani awe, aifuate hadithi yake mpaka mwisho, na amwulize swali hata moja juu ya wale watu wawili.

Kwa hiyo tangazo la kongamano lilipobandikwa kwenye ukuta wa kituo, alilisoma akishuka na akalisoma tena akipanda. Waandishi wa hadithi za mapenzi wangekutana hotelini kwa siku mbili, na wanaoanza walikaribishwa waje na kazi zao. Alimwomba meneja ruhusa.

"Waandishi wa nini?" meneja akauliza.

"Wa mapenzi. Wa mapenzi."

Meneja aliinua macho kutoka kwenye simu yake, akamtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akatia sahihi haraka kabla kicheko hakijamponyoka.

Siku ya kuondoka alipita kituoni kumwachia funguo za kibanda yule wa zamu. Chini, kati ya mabenchi, alikuwepo mfagiaji, mwanamke wa makamo kama yeye. Kwa miaka yote ile wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa mikono kupitia kioo, huyu juu na fagio chini, na mazungumzo yao hayakuwahi kupita hali na mvua.

"He! Mwenzangu, leo umependeza! Unakwenda kuposwa?"

"Nakwenda kwenye kongamano la waandishi. La waandishi."

"Kumbe unaandika?" mfagiaji akaegemea fagio. "Unaandika nini?"

Lakini muda ulikuwa unakwenda, na Mara Mbili aliona haya kulitamka neno mapenzi mbele ya wachukuzi. Akapunga mkono akaenda zake.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na zulia zito, viti vyenye vitambaa vyeupe na baridi ya mashine iliyofanya watu wajifunike mitandio. Kila mtu alipewa kadi ya kuning'iniza shingoni. Alichokigundua upesi ni kwamba watu wa mapenzi hutembea wawili wawili. Walikuwepo marafiki waliovaa sare, mtu na mumewe wanaoandika pamoja, na mabinti waliokuwa wakipokezana kioo kimoja. Mahali alipoegesha mkoba wake, kiti cha jirani kilichukuliwa kikapelekwa meza nyingine, kwa adabu kabisa, baada ya kuulizwa kama kina mtu. Alisema hakina.

"Na wewe unaandika mapenzi ya aina gani?" kijana mmoja mwenye tai alimuuliza kwenye foleni ya chai. "Ya moto au ya vuguvugu?"

Alikuwa hajui kama yanapimwa. "Ya kawaida," akasema. "Ya kawaida." Kijana akatikisa kichwa kwa huruma, akageukia mtu aliyekuwa nyuma yake.

Asubuhi ile mwandishi mashuhuri, bibi mwenye nywele za mvi na bangili zilizolia kila alipogeuza ukurasa, aliwapa zoezi. Akawaambia waandike juu ya busu lao la kwanza. "Msifikiri! Andikeni!" Kalamu zikaanza kukwaruza ukumbi mzima, watu wakawa wanacheka peke yao na kujiuma midomo. Mara Mbili aliitazama karatasi yake. Kisha akaandika namna alivyokuwa akimnywesha mama yake maji, jinsi alivyomshika kisogo kwa mkono wa kushoto, na jinsi mama alivyokuwa akiupigapiga ule mkono akishatosheka. Alipomaliza aliifunika karatasi kwa kiganja, na bangili zilipopita karibu yake hakuinua uso. Aliona wivu, na uchungu, na hasira kidogo ya kukasirikia watu ambao hawakumkosea lolote.

Mchana ndipo ilipotangazwa desturi ya kongamano lile. Kila anayeanza hupewa mwenzake, wakabadilishana miswada, kila mmoja akaenda kuusoma wa mwenziwe nyumbani na kumrudishia kesho yake pamoja na maoni. Moyo ulimruka. Huyo ndiye mtu wake mmoja! Alipangwa na mwanamke mnene mchangamfu aliyenukia vizuri, mfanyabiashara wa manukato, aliyeuchukua mswada kwa mikono miwili.

"Usijali, mpenzi, mimi msomaji wa kufa mtu," alisema Mama Manukato. "Nitaimeza yote."

Mswada ulikuwa umefungwa uzi kwa fundo la vifurushi. Fundo hilo Mara Mbili alifundishwa na mzee wa ofisi ya chini. Ncha moja hupitishwa kwa ndani na kufichwa upande wa chini, na mtu akishalifungua hawezi kulirudisha lilivyokuwa kama hakufundishwa. Watu wa vifurushi hulifunga makusudi, ili mwenye mzigo ajue kama kuna aliyeuchungulia njiani. Yeye alilifunga kwa mazoea tu, hakuwa na nia ya kumtega mtu.

Jioni ile aliisoma hadithi ya Mama Manukato akipika, akaisoma akila, akaimalizia ameketi kwenye kitanda cha mama kati ya nguo zilizofuliwa. Ilikuwa juu ya daktari na mgonjwa wake, na mvua ilinyesha kila walipotaka kubusiana, mtu ungedhani wanaishi chini ya bomba. Hata hivyo alilia mahali palipostahili kulia. Aliandika maoni yake kwa uangalifu, akasifu panaposifika, akashauri kwa upole juu ya mvua. Alilala akiwaza kwamba kuna nyumba fulani mjini ambako taa inawaka, na chini ya taa hiyo mkata tiketi wake anasomwa.

Asubuhi Mama Manukato alimvamia mlangoni kwa kumbatio.

"Mwenzangu! Jamani, umenitoa machozi! Nimeisoma yote, sikulala!"

Akamkabidhi mswada. Mara Mbili aliutazama. Uzi ulikuwa vile vile, fundo vile vile, na ncha yake imejificha upande wa chini, shwari.

"Na mwisho wake?" aliuliza. "Na mwisho wake umeuonaje?"

"Mwisho ndio umenimaliza kabisa!"

"Ahsante," akasema Mara Mbili. "Ahsante."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye aliinyamazia. Alikaa na mama yule akampa maoni yake yote, ukurasa kwa ukurasa, mpaka pale daktari anapovua koti na kumfunika mgonjwa. Mama Manukato alisikiliza macho yakimng'aa kwa furaha, akamshika mkono, akasema hajawahi kusomwa hivyo maishani mwake. Alikuwa mtu mwema tu, mwenye watoto na duka na usingizi wake. Lakini Mara Mbili alijisikia mpweke kuliko alivyowahi kuwa kule kazini, kwa sababu kazini kioo kinaonekana.

Yalibaki matumaini ya mwisho. Mchana ule kila anayeanza angesoma ukurasa wake wa kwanza mbele ya ukumbi, na mama mchapishaji, aliyeketi meza ya mbele na miwani yake puani, angechukua miswada atakayovutiwa nayo akaisome yote. Akaisome yote! Mara Mbili alipiga moyo konde. Kama kuna kitu alichokijua duniani, ni kusema mbele ya kipaza sauti. Waliomtangulia walitetemeka, wakakohoa, wakasogeza midomo mpaka spika zikapiga mbinja. Yeye alipanda, akasafisha koo, akaweka mdomo umbali ule ule wa kila siku. Mkono ulipogusa swichi ya kipaza sauti, mwili ukajua uko kazini.

"Kila Ijumaa mwanamume alikuja dirishani," akasoma, wazi, taratibu, sauti ikijaa mpaka pembeni. "Kila Ijumaa mwanamume alikuja dirishani."

Watu walinyamaza. Huenda walidhani ni mtindo.

"Mkata tiketi alimwuliza anakwenda wapi. Mkata tiketi alimwuliza anakwenda wapi."

Mtu wa nyuma akacheka puani. Mara Mbili hakusikia. Kibandani hakuna unayemsikia. Unasema mbele ya kioo, basi.

"'Nina tiketi,' akasema mwanamume, 'lakini sina safari.' 'Nina tiketi,' akasema mwanamume, 'lakini sina safari.'"

Hapo ukumbi ulipasuka. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele meza kwa meza, na katikati yake sauti ya binti mmoja ikapaa: "Jamani, si yule wa kituo cha mabasi! Ndiye! Ile sauti!" Watu wakageuka, wakatazamana, wakapiga makofi kwa kumtambua. Ndipo Mara Mbili alipojisikia akirudia. Akashika ukurasa kwa mikono miwili, akafungua mdomo asome tena, safari hii mara moja tu. Lakini mshereheshaji alikuwa ameshamfikia, amemwekea mkono begani.

"Mama, kwa hiyo basi lenyewe linaondoka saa ngapi?"

Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Tutangazie kidogo basi!" wakapiga kelele. "Tutangazie!"

Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wamechoka kusikiliza, na huyu aliwaletea burudani. Naye angefanyaje? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliukunja ukurasa wake, akausogelea mdomo wa kipaza sauti, akawatangazia abiria wote wenye mizigo waihakikishe kabla ya kupanda. Akawatangazia tena. Walisimama kwa makofi. Simu zilinyanyuliwa, zikampiga picha kushoto na kulia, na watu waliomchukulia kiti jana walikuja kupiga picha naye. Bibi wa bangili mwenyewe alimshika shavu. Siku ile hakuna aliyependwa ukumbini kuliko yeye, na hakuna aliyemuuliza kwa nini yule mwanamume hana safari.

Mama mchapishaji alikuja akifuta machozi ya kicheko chini ya miwani.

"Una sauti ya ajabu, dada yangu. Hujafikiria kufanya matangazo ya biashara?"

"Nina mswada," alisema Mara Mbili. Akautoa mkobani. "Nina mswada."

"Najua, najua," mama akasema, akacheka tena, akampigapiga mkono. Kisha akageukia meza ambako miswada aliyoichagua ilikuwa imepangwa, akaondoka nayo.

Alirudi kwa miguu. Nyumbani aliondoa nguo kwenye kitanda cha mama, akazikunja, akazirudisha pale pale.

Jumapili alikuwa zamu. Mchana wa Jumapili kituo hulala. Mabasi ya asubuhi yameshakwenda, ya jioni hayajaja, meneja hayupo, mchukuzi amejilaza juu ya mkokoteni wake, na spika zimenyamaza juu ya mabenchi. Mara Mbili alikaa kibandani akitazama mswada aliokuja nao bila sababu. Alikuwa na hasira, na sasa alijua anamkasirikia nani. Alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa siku zote alikuwa akiwapa watu mswada, na mswada hausemi, na yeye riziki yake ni kusema. Alivuta ncha ya uzi iliyofichwa chini. Fundo likaachia. Akawasha kipaza sauti.

Hakuwaita abiria. Alisema tu, "Kila Ijumaa mwanamume alikuja dirishani." Akatua. Ulimi ulitaka kurudia. Ulikuwa umeshajikunja tayari. Akaung'ata. Akaendelea na sentensi ya pili, akaisema mara moja, na ya tatu mara moja, kama mtu anayemsimulia mwenzake aliyekaa karibu, ingawa hakuna aliyekuwa karibu. Sauti yake ilitoka kwenye spika ikarudi kwake kupitia kioo, na aliiona ngeni. Meneja akisikia, kazi imekwisha. Aliliwaza hilo akafungua ukurasa.

Chini, fagio lilikuwa likienda. Likapunguza mwendo. Mara Mbili alikuwa haangalii, alikuwa na mkata tiketi wake, hivyo hakuona mfagiaji alipoliegemeza fagio kwenye nguzo akakaa benchini, akavua ndala, akakunja miguu. Langoni gari la mafuta liliingia likapiga honi ndefu, likapita.

Ngo, ngo, ngo. Kioo kiligongwa kwa mpini wa fagio kutoka chini, kwa nguvu, mpaka kikombe cha chai kikatikisika. Alizima kipaza sauti haraka, roho juu, akafungua kidirisha akichungulia.

"Wewe!" mfagiaji alikuwa amesimama kwenye ngazi, shingo juu, uso umekunjamana kwa jua. "Huyo mwanamume kasema ana tiketi halafu nini? Hilo gari limenipigia honi masikioni!"

Mara Mbili alimtazama tu.

"Si nakuuliza? Ana tiketi, halafu? Na kwa nini hapandi, ana wazimu au ana lake jambo?" Mfagiaji alirudi benchini, akakaa kwa kishindo, akalishika fagio magotini. "Rudia hapo! Na usithubutu kuniachia njiani, mimi hapa siondoki mpaka nijue."

Mara Mbili aliketi. Alifuta macho kwa upindo wa mtandio, akaitafuta ile sentensi kwa kidole, akawasha kipaza sauti, akairudia.